Walimwita Gogo

Kuna neno moja msusi hakuwahi kulimeza, na wala hakuwa na mpango wa kulimeza. Gogo. Ndivyo mkwe wake, mama wa mume wa binti yake, alivyombatiza huyo binti mbele za watu, kichanga alichokizaa hata kukaa hakijajua.

"Mwanangu nilimtafutia mke, nikaletewa gogo," alisema mkwe, na wateja wakacheka. Wamekumbatia nguo zao zinanuka, wanamcheka mtoto wa mwenzao.

Huyo mkwe alikuwa na duka lake la udobi, chumba kirefu, masinki nyuma, meza za pasi mbele. Watu walimwita Bi Povu, kwa ajili ya sabuni, na kwa ajili ya mdomo pia. Binti wa msusi alipiga pasi humo tangu aolewe. Kabla hajazaa alikuwa moto wa kuotea mbali. Shati ukilitupa mezani, ukigeuka limeshakunjwa. Alipozaa, akawa shati moja anaegemea meza, la pili anatafuta kiti.

Msusi hakuwepo siku binti yake alipojifungua, nyumbani kwa mkwe, mume yuko safarini. Alikuwa mbali anamuuguza kaka yake. Aliporudi akamkuta binti midomo myeupe kama chaki.

"Mkwe, mbona yuko hivi?"

"Uzazi huo. Kwani wewe ulizaa kwa kupiga chafya? Wa huyu ulikuwa mwepesi, asikudanganye."

Basi. Mwepesi. Akajibiwa hivyo, akaondoka na neno hilo.

Maziwa hayakutoka. Hata tone. Bi Povu akasema anaringia kifua chake, hataki kishuke. Mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo, akatambaa, akatembea, akaanza kusema, na mama yake bado anaburuta miguu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Siku zake za mwezi hazikurudi tena. Bi Povu akatangaza kwamba anafunga kizazi kwa siri. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu, akameza, akamaliza, akapewa vingine. Ukimtazama, yuleyule.

Jumapili binti alikuwa anakuja kusukwa. Anakaa chini, kichwa kwenye magoti ya mama yake. Msusi akipitisha kitana, nywele zinakuja nazo, laini, hazina ubishi. Nyusi nazo zikaanza kuliwa kutoka pembeni. Ngozi kavu. Sauti ikawa nzito, ya mtu anayeongea chini ya godoro.

"Mama, funga dirisha."

"Watu wanajipepea huko nje, mwanangu."

"Mimi nasikia baridi."

Msusi akafunga dirisha, jasho linamtoka yeye. Tangu hapo simu ikilia, anaacha kichwa cha mteja nusu, anaikimbilia.

Na kilichowapumbaza wote ni ile pasi. Binti alikuwa haachani nayo. Jua kali, wenzake wanakimbilia mlangoni kupata upepo, yeye kaikumbatia meza, sweta mwilini, mvuke usoni. "Mgonjwa gani huyo anayekaa na moto kutwa nzima?" Bi Povu alikuwa akiuliza, na watu wanaitikia. Hata mumewe aliitikia. Hakuna aliyejua kwamba joto lile ndilo lililokuwa linamshikilia.

Siku moja mteja mkubwa alilalamika kazi imechelewa. Bi Povu akamtoa binti mezani, akampeleka masinkini.

Msusi alipopata habari alikwenda mbio, mikono bado ina mafuta ya nywele. "Mkwe, nakuomba. Mrudishe kwenye pasi. Maji yale yatamuua."

"Maji yatamwamsha. Na wewe nenda kasuke, hapa hatusuki."

Binti akatumbukiza mikono kwenye maji ya baridi. Kesho yake akaanza kutapika. Kesho kutwa wakasikia kishindo. Walimkuta chini ya sinki, bomba linatiririka, macho wazi na hamwoni mtu.

Hospitalini daktari wa zamu alikuwa mama mtu mzima asiye na mchezo. Presha chini, sukari chini. Akawageukia waliosimama pale: msusi, mume, Bi Povu.

"Alipojifungua, maziwa yalitoka?"

"Hayakutoka," msusi akajibu.

"Siku zake?"

"Hazijarudi mpaka leo."

"Alitoka damu nyingi?"

 "Niliambiwa uzazi ulikuwa mwepesi."

Daktari akamtazama Bi Povu, maana macho ya mume yalikuwa kwa huyo mama yake. "Wewe mama, ulikuwepo?"

"Damu ya kawaida tu," Bi Povu akasema, anavuta mtandio.

"Sikia. Huyu anaondoka hivi tunavyomwona. Nikibahatisha dawa, ninaweza kummaliza mimi. Damu ilikuwa kiasi gani?"

"Mama, sema," mume akasema.

Bi Povu akatazama sakafu. "Mashuka yote. Na godoro. Nilifua mwenyewe, nikalichoma godoro. Kondo la nyuma lilikwama, nikasema avumilie, gari nikaliita nimechelewa. Alikuwa ameshazimia."

 Daktari aliagiza sindano kwanza, ndipo akawaeleza. Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo, ndicho kinachotoa amri: maziwa yatoke, siku ziende, mwili upate joto na nguvu. Damu ikimwagika sana wakati wa kuzaa, kinakosa damu, kinakufa. Homoni zinakatika. Mtu anabaki kama nyumba iliyokatiwa umeme, na watu wanamwita mvivu. Atameza vidonge maisha yake yote, na asiache.

Usiku ule hakuna aliyejua kama kutakucha. Kulikucha. Binti akafungua macho, akaomba maji, akaketi mwenyewe kitandani. Mumewe alilia mpaka akatolewa wodini.

Mchana Bi Povu akaja, mdomo umekauka. Akasimama mlangoni.

"Mkwe, tusameheane."

Msusi alikuwa anamchana binti yake taratibu. Akaweka kitana chini.

"Tusameheane? Mimi nimekukosea nini?"

Bi Povu akageuza uso, akamtazama binti kitandani. 

"Basi mwombe yeye msamaha. Akitaka, atakupa. Kwangu hauko."