Dada Aliyeketi Peke Yake

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, niliposimama katika ukumbi wa kanisa kule Landover, huku Marekani, nimevaa suti ya kuazima, karatasi zangu mkononi, nimevimba kichwa. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, nina miaka miwili tu tangu nitoke Tanga, na tayari nilijiona bingwa wa historia ya Wamarekani weusi. Usicheke. Na wewe una dalili hizo hizo.

Siku hiyo nilikuwa nawasomea sura ya kwanza ya tasnifu yangu wazee wale wale walionisimulia habari zake. Sura hiyo iliwahusu vijana walioingia katika mkahawa uliokuwa hauwahudumii watu weusi, wakaketi, wakakataa kuondoka mpaka polisi wakawabeba. Aliyenipa habari nyingi zaidi alikuwa Bi Ernestine, mjane aliyefanya kazi za ndani maisha yake yote. Alasiri nne nilikaa jikoni kwake, kinasa sauti mezani, naye ananilisha mkate wa mahindi na mboga za majani kana kwamba kwetu sikuwahi kula. Alinihesabu mtoto wake.

Alasiri ya nne akaniambia jambo zito. Dada yake, Odessa, alikwenda mkahawani siku ile. Bi Ernestine mwenyewe aliombwa aende naye, hakwenda. Alikuwa akisafisha nyumba ya mwenye mkahawa, akaogopa kufukuzwa. Odessa alilala rumande siku tatu, na jambo hilo hawakulizungumza hata mara moja mpaka Odessa alipofariki.

Mwanangu, mimi nililikata. Nilijiambia kwamba namstiri mama wa watu. Lakini ukweli ni kwamba lilinivurugia hoja yangu: nilitaka mashujaa, tena niliogopa maprofesa wangu wazungu wasije wakasema, mnaona, hata watu weusi wenyewe hawakuwa tayari. Nikaandika kwamba dada wawili wa tumbo moja walisimama bega kwa bega. Na kazi yetu ina desturi yake. Mahojiano yakishachapwa, unamrudishia msimulizi ayasome, asahihishe, atie saini, ndipo uyatumie. Sikumrudishia. Tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa imenikaba.

Nilipofika hapo kwenye bega kwa bega, ukumbi mzima ukapiga makofi, watu wakamgeukia Bi Ernestine. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Hakutabasamu. Alisubiri makofi yaishe, akainuka.

“Msinipigie makofi,” akasema. “Mimi sikwenda. Niliogopa.”

Kisha akanigeukia. “Kijana, nilikueleza jambo ambalo hata marehemu mume wangu hakulijua. Nilikueleza ili liandikwe. Dada yangu aliketi peke yake siku ile. Wewe umempa mtu wa kuketi naye. Nani alikutuma?”

Naona aibu hata sasa ninapokuandikia, na mvi zimenijaa kichwa kizima. Mama yule alilazimika kuungama mbele ya kanisa kwa sababu nilijifanya naijua heshima yake kuliko yeye mwenyewe.

Jumatatu nikampelekea maandishi yote ya mahojiano, bila kukata kitu. Alinifungulia mlango, akachukua karatasi, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Wiki hizo sikulala vizuri, maana bila ridhaa yake sikuwa na tasnifu. Niliporudi nilikuta amesahihisha mahali pamoja tu. Pale niliponukuu maneno yake kwamba aliogopa, ameongeza kwa kalamu: na ninaona haya mpaka leo. Akatia saini. Siku hiyo hakunikaribisha chakula, wala hakunikaribisha tena.

Sasa wewe. Jumapili, baada ya ibada pale Riverdale Park, uliniambia, “Mzee, nita-submit thesis kwanza, transcripts nitawatumia akina mama baadaye. Deadline ni Friday.” Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wanakunywa chai. Leo sinyamazi. Hao akina mama wa Kongo uliowahoji, wanaolea wazee wa watu huku wakitukanwa kwa rangi yao, wamekufungulia moyo kwa sababu wanakuhesabu binti yao. Mgeni wangemficha. Kwa hiyo nenda ukawarudishie maneno yao. Kama Kiingereza kinawapiga chenga, kaa nao uwasomee kwa Kiswahili, hata kama chuo chako cha Fairfax kitakukatia alama kwa kuchelewa. Aliyesema alijibu tusi, andika alijibu. Aliyesema aliogopa, akanyamaza, akarudi kazini kesho yake, andika hivyo hivyo. Usimwongezee ujasiri wala usimpunguzie.

Mungu akubariki, mwanangu. Akujalie watu wa kukuamini na siri zao, na uhai mrefu wa kuziandika. Na siku utakapotaka kumpamba mtu ambaye hakuomba kupambwa, autie mkono wako uzito, ushindwe hata kuinua kalamu.