Vitenge vya Sanduku la Bati

Mashine ilipoletwa dukani kwetu Tukuyu, nilijiona nimekuwa mtu. Duka ni la vitenge na mablanketi. Bosi, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na mzigo wa nguo, alikuwa amechoka kufunga duka siku mbili kila tunapohesabu mali. Akanunua lebo ndogo zenye redio ndani yake. Nilizishona mimi, moja kwa kila kitenge. Ukipita na mashine mkononi, kila lebo inaitika, hata ikiwa ndani ya katoni. Fundi aliyeileta mashine alituambia hakuna haja tena ya kufungua chochote, na mimi nikayameza maneno hayo mazima mazima.

Mwenzangu dukani alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Masoko, mtu mzima, ndiye aliyeniombea kazi. Huku kwetu mvua haijui kupumzika, na nguo ikikaa rafuni wiki mbili inaota ukungu. Kwa hiyo vitenge vya bei kubwa alivifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Miaka yote hakupoteza hata uzi.

Kaka yake akafariki, akaenda msibani. Siku ya tatu bosi akataka hesabu. Nikazunguka duka lote na mashine yangu. Vitenge thelathini havikuitika. Nikalipitia sanduku juu na pembeni, mara nne. Kimya.

"Labda tumsubiri aje afungue," bosi alisema.

"Mashine haidanganyi," nikamjibu. Nilitaka tu kuonekana mjuzi, sina maelezo mengine.

Nikampigia mimi. Alikuwa anawagawia waombolezaji nyama, mikono imejaa mafuta, hivyo mdogo wake akamshikia simu na kufungua spika. Hilo sikulijua.

"Mama, vitenge thelathini havipo," nikasema kwa sauti yangu hii kali. "Umevipeleka wapi?"

"Viko kwenye sanduku, mwanangu."

"Sandukuni hamna kitu. Tumepitisha mashine."

Akanyamaza. Nikaona kunyamaza kwake ndiyo jibu.

Kesho yake asubuhi aliingia dukani, viatu vimejaa tope, hakusalimia. Akafungua sanduku. Vitenge vilikuwemo vyote thelathini, vikavu, vimekunjwa vizuri. Nikabonyeza mashine, ikaanza kulia kama kichaa. Fundi tulipompigia alicheka, akasema redio haipenyi bati, kila mtu anajua. Ningeweza kumtukana, lakini wa kutukanwa nilikuwa mimi.

Bosi alimwomba radhi, akamsihi abaki. Mimi nililia tu. Yule mama akaweka ufunguo juu ya meza.

"Ulipokata simu," akaniambia, "mdogo wangu alichukua upawa mkononi mwangu. Akasema, 'Pumzika, dada, tutagawa sisi.' Msiba wa kaka yangu mwenyewe! Tangu hapo hata chumvi hawakunituma."

Nikamwambia nitakwenda Masoko mwenyewe, niwaeleze watu wote habari ya lebo na bati.

"Nenda," alisema. "Watakusikiliza vizuri sana. Watakupa na ndizi za kubeba. Ila upawa hawatanirudishia."

Nilikwenda Jumapili. Walinisikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyeuliza swali. Nikarudi na mkungu mzima wa ndizi.