Mpini wa Mkono wa Kushoto

Fundi anawezaje kupima mkono ambao haupo mbele yake? Siku ile sikuwa na jibu. Nilikuwa na bomba moja, matundu manne ambayo sikuyatoboa mimi, na saa mbili tu kabla mzigo haujafungwa.

Naomba uniamini, ingawa ningekuwa wewe nisingeamini. Mimi ndiye yule mwanafunzi anayeuliza mpaka mhadhiri anaangalia saa. Shangazi akisema amemwona bibi aliyekwisha kuzikwa, mimi namuuliza taa ilikuwa imewaka au la. Nasoma uhandisi wa mitambo hapa Guangzhou kwa ufadhili, na haya yalinipata mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Kaka yangu Elia ni mchimbaji mdogo huko Geita. Aliuza pikipiki yake akapata ditekta, ile mashine ya kunusa dhahabu ardhini. Mpini wake wa kiwandani ulipinda kama herufi S. Akifunga sahani kubwa ya kunusia kule chini, mpini unajizungusha mkononi na kifundo cha mkono kinamuuma kutwa. Mwishowe ukakatika kwenye kiungo. Akaufunga kwa mpira wa baiskeli, ukakatika tena. Wenzake walikuwa wanahamia eneo jipya mwisho wa mwezi, na walishamwambia kwamba asiye na mashine nzima hana nafasi kwenye kundi. Akanitumia picha ya ule mpini na ujumbe mfupi: “Mdogo wangu, si unasomea mambo haya?”

Nikaamua kumtengenezea mpini mnyoofu. Juu niliweka bomba la kaboni, kwa sababu ni jepesi. Chini, karibu na sahani, fimbo ya fiberglasi, kwa sababu kaboni hupitisha umeme na ingeifanya mashine ilie pasipo na kitu. Bolti za plastiki, kwa sababu hiyohiyo. Kikombe cha kuegemeza kiwiko nilikikata kwenye bomba la maji nikakilainisha kwa maji ya moto. Kishikio kilitoka kwenye baiskeli mbovu ya bwenini. Bomba la kwanza la kaboni nililipasua wakati wa kutoboa. Nilipochukua la pili, muuza duka alinionyesha rafu tupu akasema “mei you”, yaani hakuna tena. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kukosea.

Kilichonikwamisha ni kipimo kimoja tu: kutoka kiwiko cha Elia mpaka kiganja chake. Simu yake ilikuwa imezimwa kwa siku ya pili sasa. Nilipompigia Mama alisema ana homa, amelala, nisimsumbue. Nikamwomba ampime mkono hata kwa uzi. Akasema, “Kesho, mwanangu,” na simu ikakatika.

Lakini kesho haikuwepo. Bi Nasra, mfanyabiashara wa Kizanzibari mwenye ofisi kwenye jengo la Tianxiu, alikuwa amekubali kuupenyeza mpini kwenye mzigo wake wa ndege, na mzigo ulifungwa siku hiyohiyo saa kumi.

“Na hilo dude lako,” alinionya, “forodhani wakisema bunduki, mie sikujui wala hujanijua.”

Nikamwambia bunduki haina kikombe cha kiwiko. Akasema watu wa forodha hawajui hilo.

Nikafika karakana saa saba mchana. Ipo kwenye kichochoro nyuma ya chuo, ambako majengo yamesongamana hata jirani anaweza kukupa chumvi kupitia dirishani. Miaka mitatu niko huku, na bado nilisahau kwamba saa hiyo watu hulala. Huku usingizi wa mchana una heshima yake. Laoban, mama mwenye karakana, alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kukunja, kitambaa usoni. Mafundi wake wawili walilala juu ya maboksi chini ya mashine ya kukereza. Mashine zote kimya. Unamwamshaje mtu hapo? Nikakaa kwenye stuli karibu na mlango, bomba mapajani, nikapiga hesabu yangu ya kijinga: nipime mkono wangu, niongeze sentimita nne kwa kuwa Elia ni mrefu.

Ndipo nikamwona mzee kwenye meza ya nyuma. Mwembamba, fulana nyeupe, miguu mitupu. Akaninyooshea mkono nimpe bomba. Nikampa pamoja na kishikio, nikamwita shifu, kama tunavyowaita mafundi huku, nikamweleza kazi yenyewe. Hakuniuliza kipimo. Alivuta futi ya kitambaa akainyoosha hewani, mbele ya kifua chake, pasipo na mtu wala kitu.

“Tulia kidogo,” akasema.

Nilidhani ananiambia mimi. Nikatulia.

Akaweka alama kwenye bomba: sentimita thelathini na nane. Kisha akageuza kishikio, akakiinamisha upande ambao sikuuchora.

“Shifu, huo ni upande wa kushoto. Kaka yangu hutumia wa kulia.”

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. “Wa kushoto,” akasema.

Nikabisha. Unanijua sasa, usidhani nilinyamaza. Nilimwambia namjua kaka yangu tangu nizaliwe. Yeye akalifunga bomba kwa kitambaa kibichi, akachukua keekee ya upinde, ile ya kuvuta kwa mkono huku na huku, akatoboa polepole. Sikusikia ufa hata mmoja. Nilitaka kumnyang'anya, kwa kuwa lilikuwa bomba la mwisho, lakini mikono yangu ilikuwa mizito kupita kiasi.

Kilichofuata ni laoban kunigusa bega. Mafundi walikuwa wanajikuna na kunywa chai. Saa nane. Bomba lilikuwa mapajani pangu, lina matundu manne masafi. Nikauliza mzee amekwenda wapi. Laoban akasema hapa hakuna mzee, na hakuna keekee ya mkono, zote ni za umeme.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliomba kuona kamera. Iko juu ya mlango, na picha zake hazina hata nukta ya shaka: nimelala nikiegemea ukuta, bomba mapajani, mikono haikusogea kwa dakika arobaini na tano. Hakuna aliyenikaribia. Laoban akapitisha kidole kwenye kingo za matundu, kisha akaniambia kwamba baba mkwe wake alikuwa akitoboa mianzi hivyo, kwa kitambaa kibichi, na kwamba alifariki kabla yeye hajazaa mtoto wake wa pili.

Sikuwa na bomba jingine wala muda. Nikaunganisha kila kitu kama kilivyotobolewa, nikakimbilia Tianxiu.

Baada ya wiki moja na siku kadhaa Elia akanipigia kwa video. Bandeji ilimfika kiwikoni, mkono wa kulia. Jiwe lilikuwa limemwangukia shimoni na wamemkata vidole vitatu. Mama alificha ili nisiache mitihani. Mpini alikuwa ameuvaa kushoto, kikombe kimemkaa kama soksi.

“Nani alikwambia?” akaniuliza.

Alihama na wenzake. Leo anautembeza mpini ule kutwa bila kuchoka, na mwezi wa pili aliokota kipande cha dhahabu kama punje ya mahindi. Wachimbaji wengine wawili wanataka mipini kama huo. Nimewaambia wanitumie vipimo kwanza.

Mimi bado nauliza maswali, ila siku hizi nauliza mengine. Nawe uliye mbali na kwenu, nakuonya: wakikwambia ni homa tu, uliza tena, na tena, hata wakuone msumbufu. Na ukikuta karakana imelala, usiingie. Ukiwa umeshaingia na mtu akakuomba kazi yako, usibishane naye sana kama nilivyobishana mimi.

Nilipokwenda likizo mwaka uliofuata, Mama alinisimulia asubuhi ya upasuaji. Ilikuwa kama saa tatu kasoro kwao, yaani saa nane kasoro mchana huku Guangzhou. Elia alikuwa bado hajazinduka, lakini aliuinua mkono wake wa kushoto na kuunyoosha hewani. Nesi alijaribu kuushusha mara mbili. Mara zote mbili Elia aliurudisha juu, macho yamefumba, akasema waache kwanza, fundi bado anapima.