Nilivyokamatwa na Kibuyu cha Mama Mkwe

Ndugu zangu, sizunguki: nimekosa. Niliingia jikoni kwa mama mkwe wangu nikafunua sufuria zake. Wenzangu wa Mara najua hapo mmeshashika mdomo. Eeh, jikoni kabisa! Mimi mkwe, ambaye hata kula mbele yake ni mwiko!

Chanzo ni binti yangu Nyangeta, ana miaka minne. Tangu ananyonya alikuwaga haachii titi. Alipoanza ugali, anamaliza sahani yake halafu anaangalia ya mama yake. Mnene, jamani! Pale Mukendo ninapouza vipuri vya baiskeli, wenzangu walikuwa wananiuliza kama namnenepesha kwa ajili ya Krismasi. Nilikuwa nacheka nao, ila moyoni naungua.

Nikafunga kabati la chakula kwa kufuli. Mtoto akaanza kuficha michembe, vile viazi vikavu, chini ya godoro. Nikamchapa. Nikamwita mlafi. Mungu anisamehe!

Mwili haukupungua hata kidogo. Sasa, kila likizo Nyangeta anaendaga kwa bibi yake Butiama. Nikasema, kumbe bibi ndiye anayemshindilia chakula, nimeshampata mwizi wangu! Nikaazima pikipiki, huyo, bila hata kupiga simu.

Nyumba wazi, mama mkwe yuko shambani. Nikaingia jikoni. Sufuria ya kwanza, mlenda. Ya pili, maji. Kwenye kibuyu cha maziwa ya mgando nikazamisha mkono nipime kimejaa kiasi gani. Mkono ukagoma kutoka! Navuta, wapi!

Ndipo mama mkwe akatokea mlangoni na jembe lake. Akajifunika kanga usoni, akageuka, akaanza kuongea na kuku wake: "Kuku, mwambieni mkwe, kama ana njaa si angesema?"

Wazee wa ukoo wakanipiga faini ya mbuzi, na nyumba ile nisiikanyage mpaka nilipe. Mke wangu akaninunia. Nyangeta naye akanyimwa likizo ya kwa bibi kwa ajili yangu.

Aliyempeleka mtoto hospitali ni mke wangu, sio mimi. Damu ikapelekwa kupimwa mbali, tukangoja miezi. Daktari akatuita wote wawili.

"Mtoto amezaliwa hivi," akasema. "Kuna kasoro kwenye vinasaba vyake. Tumbo linajaa, lakini ubongo haupati taarifa. Njaa yake ni ya kweli."

"Imetoka kwa bibi yake?" Oneni nilivyo mbishi!

"Nusu kwako, baba. Nusu kwa mama yake."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mtoto nilikuwa namchapa kwa kitu nilichompa mwenyewe!

Daktari alitupangia namna ya kumlisha, bila kufuli, bila matusi. Mbuzi nikampeleka. Mama mkwe akapokea akiwa nyuma ya mlango: "Kuku, mwambieni mkwe sufuria zimeoshwa, kama anataka kukagua." Wazee waliokuja kushuhudia walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nikacheka, maana hapo nilijua nimesamehewa.

Wewe mwenye mtoto mnene, nakuomba, nenda kwa daktari kabla hujashika fimbo, na sufuria za watu uziache. Mbuzi mimi nimelipa, yakaisha. Lakini jana Nyangeta alimaliza kula, akarudi nyuma hatua mbili, akaninong'oneza: "Baba, bado nasikia njaa. Utanichapa?"