Nadhiri ya Santa Rita

Mwanawe alipokuwa anakufa kwa homa ya uti wa mgongo, Hermelinda Arce hakumwahidi Santa Rita dhahabu wala mishumaa. Alimwahidi magoti. Mtoto akipona, yeye mama atasafiri mpaka kanisa la mawe la mtakatifu huyo katikati ya jangwa, na kutoka langoni hadi altareni atatambaa kwa magoti yake mwenyewe. Mtoto, Rosendo, akapona, akanenepa, akaota ndevu. Nadhiri ikabaki palepale. Si uvivu: kwanza mume hakuwa na gari, halafu hakukuwa na mume.

Mwaka huu Rosendo akanunua pikapu, na safari ikaanza kupangwa jikoni kwa Hermelinda, kila alasiri, yeye na Ofelia. Ofelia ni komadre wake, maana Hermelinda ndiye aliyemshika mtoto wa Ofelia ubatizoni, na kwa watu wa El Rosario undugu huo hauna talaka. Komadre hasengenywi, wala hadanganywi. Ofelia ndiye angeendesha.

"Tubebe matairi mawili ya akiba," alisema Hermelinda.

"Mawili? Njia ile inatafuna matairi kama mbuzi aliyekuta nguo kwenye kamba. Matatu, komadre! Na maji mpaka gari lilie. Ukikwama kule wanaokuja kukujulia hali ni tai tu."

"Basi wana adabu kuliko majirani zetu."

Wakacheka. Ofelia akamshauri ashonee sponji ndani ya sketi, kwani Santa Rita hachungulii nguo za watu.

"Anaona yote, mshenzi wewe!"

Hermelinda akakausha nyama ya ng'ombe, akaiponda, akaifunga kwenye vitambaa. Madumu ya petroli yakapangwa ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alikuwa anaimba asubuhi.

Ilipofika wiki ya sikukuu ya Santa Rita, Rosendo akaja na habari kwamba giaboksi imekufa na pikapu iko kwa fundi. Ofelia naye akaaga, anakwenda Ensenada kumwona binti yake. Hermelinda akawaamini wote wawili. Kwa nini asiwaamini? Akakaa na nyama yake kavu, akamwomba Santa Rita amwie radhi mwaka mmoja zaidi.

Jumapili pikapu ikarudi, Rosendo kwenye usukani, vumbi jeupe limeipanda mpaka madirishani. Vumbi lile halipatikani gereji. Ofelia akashuka kwa taabu, akitembea kama bata, sketi ina damu mbele.

"Komadre!" Uso wake ulikuwa unameremeta. "Imekwisha. Nimekuondolea."

"Umeniondolea nini?"

"Nadhiri! Kutoka langoni hadi altareni, sikusimama hata mara moja. Jina lako nimelitaja lote, padri anasikia. Huna deni tena."

Ni kweli mgonjwa hutuma mtu amtimizie nadhiri, na mtakatifu hupokea. Lakini hutuma. Hermelinda hakumtuma mtu.

"Mimi ndiye niliyemwomba, Mama," alisema Rosendo, akitazama viatu vyake. "Una sukari. Wewe ukichubuka huponi. Tungekwambia, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana hatukukwambia."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakula kikikuonea huruma. Hermelinda alimtazama yule mwana aliyenunuliwa kwa magoti yale, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimchukia, akaona aibu, akaendelea kumchukia. Miaka yote alikuwa akimwambia Santa Rita, nakuja. Yalikuwa maneno yake ya mwisho kila usiku kabla ya kulala.

"Sasa nikienda nitamwambia nini?" aliuliza. "Kwamba nimekuja kutembea?"

Ofelia alikuwa amekunja uso kwa maumivu, na mtu aliyeumia kwa ajili yako humwachi mlangoni. Hermelinda akamkalisha jikoni, akachemsha maji, akatia chumvi, akapiga magoti sakafuni mbele yake. Akaanza kuosha vidonda vile, changarawe zikitoka moja moja.

"Polepole, komadre, magoti yananiuma!"

"Yalikuwa yangu hayo," alisema Hermelinda, na hakulegeza mkono.