Uvimbe wa Wahu Wapigiwa Kura

Inatangazwa kwa waumini wote, kwa heshima na taadhima, kwamba Wahu binti Githinji, fundi wa nguo wa Yamumbi, umri miaka ishirini na mbili, hakai. Amesimama ibada nzima, Jumapili mbili mfululizo, na mchumba wake Macharia anaombwa atafakari.

Hivyo ndivyo Mama Nyaguthii, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, angetangaza kama angepewa redio. Hakupewa. Alitumia mdomo, ukafika mbali kuliko redio.

Ukweli aliujua Wahu. Uvimbe ulimwota upande mmoja wa mlango wa uke, ukaanza kama punje ya maharagwe, ukawa kama yai, una moto, unapwita. Cherehani alikanyaga akiwa wima. Mamake alimwona anatembea miguu wazi.

"Umeupata kwa mwanaume?"

"Macharia hajanigusa, Mami."

"Basi nyamaza, wasisikie."

Walisikia. Ulikuwa mwaka wa themanini na nane, nchi nzima inapiga kura kwa mlolongo, kila mtu akisimama foleni nyuma ya anayemtaka, na kamati ya kanisa haikutaka kuachwa na maendeleo. Anayeamini Wahu anastahili veli nyeupe ya arusi ajipange nyuma yake. Anayeamini ni ugonjwa wa zinaa, nyuma ya Mama Nyaguthii.

"Na wewe Wahu usigeuke," akasema mwenyekiti. "Kura ni siri."

Hakugeuka. Alisikiliza miguu, yote ikielekea kule. Kisha akasikia gambuti za mpira za mamake, ile ya kushoto inavyoburuta. Zilimkaribia, zikasimama, zikaenda kwa wengine.

Watu walinong'ona kwamba kwenye kura za serikali kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa mshindi. Kanisani, kwa bahati mbaya, walijua kuhesabu.

Macharia alitoka kwao Ainabkoi kwa baiskeli, akaongea bila kushuka. "Mimi nakuamini, Wahu. Lakini hata mamako alisimama upande ule. Nitawaambia nini watu wetu?"

Ndipo Wahu akajikokota hadi kliniki. Sista Jepkemboi alimpima.

"Kwa nini ulikaa nao hivi?"

"Aibu, Sista."

"Hapo mlangoni kuna tezi mbili ndogo, moja kila upande. Mfereji wake ukiziba, maji yanajaa ndani. Vijidudu vikiingia, ni usaha. Wakati mwingine vinatoka kwa ugonjwa wa zinaa, ndio maana nimekupima. Huna. Uvimbe mwingine huko ni jipu tu la shina la nywele. Wako ni wa tezi. Hata mtawa anaweza kupata."

Akapasua, akakamua, akamwagiza awe akikalia maji ya uvuguvugu. Wahu alilia muda mrefu. Sista alidhani ni kidonda.

Habari za vipimo zilichukua miezi mitatu kufika kwa kamati. Habari njema hazina mbio. Mama Nyaguthii akaja mwenyewe kibandani kwa Wahu, kitambaa kichwani, Biblia kwapani.

"Mwanangu, tumekaa, tumeomba, tumekusamehe. Veli tumekurudishia. Mwambie Macharia alete wazee."

Wahu alikata uzi kwa meno.

"Macharia anaoa mwingine Jumamosi, Mama. Hili ndilo gauni la bibi arusi, na pindo bado."