Stendi ya Harusi kwa Ndege wa Ziwani

Asubuhi hiyo nilitoka Rongai bila kujua naelekea wapi. Kazi ya kupukuchua mahindi ilikuwa imekwisha, na gari la kwanza kusimama lilikuwa la Nakuru, basi nikawa mtu wa Nakuru. Mkobani nilikuwa na blanketi, nguo chache na darubini. Si ile ya macho mawili inayoning'inizwa shingoni, bali ile ndefu ya jicho moja. Alinipa mzee niliyemchungia ng'ombe zamani. Yeye aliitumia enzi za uwindaji, kabla haujapigwa marufuku, kupima pembe za mnyama kwa mbali kabla ya kuamua kama anafaa kufuatwa. Mimi sijawahi kuwinda hata sungura. Nilikuwa natazama tu: mafundi juu ya minara ya simu, mbuzi kwenye ukingo wa Menengai, moshi wa watu nisiowajua.

Lakini darubini hiyo inakuza mno. Ukiishika kwa mkono, kila pigo la moyo wako linaonekana, na ndege aliyetulia mtini anarukaruka kama abiria wa trekta.

Nilikuwa nakunywa chai karibu na stendi ya magari ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ulitoka kwa mwanamke mmoja anayeongoza wageni kutazama ndege Naivasha. Tuliwahi kukutana alipowaleta watu kwenye shamba nililokuwa nachunga, akakumbuka darubini yangu. Kesho walikuwa wanahesabu ndege wa ziwani, na mwenzake mmoja alikuwa mgonjwa. Kazi ilikuwa ya wiki nzima, kuzunguka ufuo kwa miguu, na malipo yalikuwepo. "Uko na miguu ya kuisimamisha?" aliandika. Nikamjibu kwamba naitafuta. Akarudisha: "Tafuta nyepesi, kuna kutembea. Lakini ikitikisika sikuchukui. Niletee niione leo kabla jua kuzama."

Sijawahi kuutaka mwaliko wa mtu kiasi hicho. Wiki nzima ya kulipwa kwa kutazama!

Nikaulizia mpaka nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye duka ghorofani, anayekodisha vifaa kwa wapiga video za harusi na kuuza vilivyochoka. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake bado kilikuwa na chumvi ya huko.

"Harusi ya nani?" akaniuliza.

"Si harusi, mama. Nataka kuhesabu ndege."

"Haya. Nao pia hawatulii mbele ya kamera."

Akanipangia sakafuni stendi tatu, kila moja ya miguu mitatu. Ya kwanza ilikuwa nene, ya alumini, imara kama meza. Ya pili ilikuwa ya wastani, mguu mmoja umefungwa kwa utepe. Ya tatu ilikuwa nyembamba, nyeusi, nyepesi hadi nikadhani ndani yake ni tupu. Akasema hiyo ni ya kaboni. Nilitaka kujua kaboni ni nini hasa, na mbona inalia tofauti ukiigonga kwa ukucha. Akaniambia yeye huuza, hafundishi.

Nilivaa mkoba, nikaitia ya alumini begani, nikashuka ngazi hadi chini na kupanda tena. Halafu nikarudia na nyeusi.

"Unanunua ama unafanya mazoezi?" akauliza.

"Mama, hii itatembea na mimi wiki nzima. Lazima tujuane."

Bega lilikuwa limeshaamua: nyeusi. Likabaki suala la kichwa, yaani kile kipande cha juu kinachoishika darubini na kuigeuza. Niliona kimoja kidogo kizuri, cha gololi, unalegeza skrubu moja kinageuka upande wowote. Nikafunga darubini juu yake, nikalegeza, na pua yake ndefu ikaanguka mbele kwa kishindo.

"Ee! Inasujudu na adhana haijaita!" Mama akacheka hadi akashika kaunta. "Hicho ni cha kamera fupi, baba. Chombo chako kina pua."

Akanipa kingine, chenye mkono mrefu wa kushikia. Ndani kuna mafuta mazito, kwa hiyo kinageuka polepole bila kushtuka. Wapiga video hukitumia kumfuata bibi harusi tangu mlangoni hadi jukwaani. Nilielekeza darubini dirishani nikamfuata korongo juu ya mabati, kisha mwendesha boda boda hadi akapotea kwenye kona. Wote walipita kama wanateleza juu ya samli. Nikaomba kukifungua nione hayo mafuta.

"Fungua ukishalipa."

Lakini hicho kilikuwa kikubwa, kizito kuliko miguu yenyewe, na mama alisema mwili mwembamba wenye kichwa kizito huanguka kama mlevi. Nikachukua kingine kidogo kabisa, nacho chenye mkono. Tulibishana bei, tukaelewana. Mwisho akanionyesha mhimili wa katikati, unaovutwa juu kama shingo. "Uvute mpaka mwisho, upite kofia za wageni."

Nilifika Kamere, kwenye ufuo wa Ziwa Naivasha, alasiri, na upepo wa ziwa ulikuwa umeshaamka. Yule mwanamke alinisubiri karibu na wanaokaanga samaki, amevaa gambuti. Akanionyesha miti mikavu iliyozama maji yalipopanda, mbali huko, imejaa mnandi, wale ndege weusi wanaovua samaki.

"Niambie kuna nini kwa ule mti wa kushoto."

Nikavuta miguu yote, nikavuta na mhimili hadi mwisho kama nilivyofundishwa. Nikatazama. Mti mzima ulikuwa unachemka kama uji. Naye akainama, akatazama, akajiondoa.

"Hii ni stendi ama ni mwanzi?"

"Mama wa duka alisema niuvute, nipite kofia."

"Kofia gani hapa, boss? Kiboko amevaa?" Wakaanga samaki wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshatoa simu. "Kuna jamaa hapo Naivasha mjini ako na stendi kubwa. Wacha nimpigie."

"Nipe dakika, madam."

Nikaurudisha mhimili chini kabisa. Vipande vya chini vya miguu ndivyo vyembamba zaidi, navyo nikavirudisha ndani. Nikaitandaza miguu, nikaketi mavumbini kama ninavyoketi machungani. Nikaning'iniza mkoba katikati upate kuivuta chini, lakini upepo ukaubembeza na mambo yakaharibika zaidi. Nikaushusha hadi ukagusa ardhi. Mti ukatulia. Kila unyoya ukatulia.

"Mnandi," nikasema, "isipokuwa huyo wa tawi la chini. Shingo yake ni ya nyoka. Huyo si wao."

Akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Simu ikarudi mfukoni.

"Huyo ndiye nilikuwa nangoja umwone. Utalala wapi?"

Nikamwonyesha blanketi mkobani. Akanipeleka kwenye ploti ya mabati wanakopanga wafanyakazi wa mashamba ya maua, kwa mathe mmoja, mama mwenye nyumba, aliyekuwa anafua uani. Kulikuwa na chumba, mpangaji wake amehamia kwingine.

"Anakaa mpaka lini?" mathe akauliza.

"Wiki," akajibu yule mwanamke wa ndege. "Kesho tunamchukua kabla jua kutoka."

Mathe akanipa kufuli na funguo, kisha akaitazama stendi. "Hiyo kitu iko na matope. Iache nje."

Nikaipangusa kwa mkono wa shati, mguu mmoja mmoja, nikaingia nayo.